Magunia Matatu ya Ng'onda

Mashua ya kutoka Kizingitini ilifunga gati la Lamu karibu na adhuhuri. Wachukuzi wakashusha, punda wakapakiwa, watu wakatawanyika vichochoroni na mali zao. Akabaki mama mmoja, mfanyabiashara wa samaki wakavu, amesimama mbele ya kibanda cha ami yangu akiuliza magunia yake matatu ya ng'onda yako wapi. Nikafungua simu kutazama orodha ya mizigo kwenye programu niliyoijenga kwa miezi miwili. Nazi zilikuwamo. Masanduku ya barafu yenye kamba yalikuwamo. Mpaka godoro la mtu fulani lilikuwamo. Ng'onda hamna.

Na harufu ya ng'onda tulikuwa tunaisikia pale pale tulipo.

Ami akafungua daftari lake la karatasi, ambamo alikuwa amenakili karatasi ya nahodha, akateremsha kidole hadi mstari wa kumi na moja, akasoma: ng'onda, gunia tatu, nusu imelipwa. Akamwonyesha yule mama mzigo wake nyuma ya mapipa, akapokea nusu iliyobaki, akaandika. Mimi hakunisema neno. Laiti angenisema.

Usiku ule nilikaa na kompyuta barazani hadi umeme wa betri ukaisha, na kosa nikalipata. Karani wa Kizingitini alikuwa ameandika sawasawa kabisa: ng, ritifaa, onda. Msimbo wangu wa PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, ulilichukua neno lake na kuliunga moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, yaani lile daftari la ndani ya kompyuta. Sasa, katika SQL maandishi hufunguliwa na kufungwa kwa alama ile ile ya ritifaa. Hifadhidata ilisoma "ng", ikaona ritifaa, ikajua maandishi yamekwisha. Ikakutana na "onda", isijue ni amri gani, ikakataa sentensi nzima. Nami, kwa kuwa sikuangalia jibu la hifadhidata, nikamwandikia karani kwa rangi ya kijani: Imehifadhiwa.

Hilo neno la kijani ndilo lililoninyima usingizi. Mtu alifanya kazi yake vizuri, akaambiwa imepokewa, na haikupokewa.

Anayejua mambo haya anajua kwamba tundu lile lile ndilo wanaloingilia wezi. Badala ya ng'onda, mtu mbaya angeweza kuandika kipande cha amri chenye kufuta jedwali zima au kutoa namba za simu za wateja wote. Udhaifu huo umeandikwa hadharani tangu 1998, na dawa yake ni ya zamani vilevile: amri ya SQL unaituma peke yake, na maneno ya mtumiaji unayatuma pembeni, yasichanganyike kamwe. Mwandishi wa programu ya Kiingereza inayopokea majina tu anaweza kukaa mwaka mzima asikutane na kosa hili mpaka ajisajili mtu mwenye jina la Kiayalandi kama O'Brien. Sisi tuna ng'ombe, ng'ambo, ng'onda na kung'oa nanga. Atakayejenga programu ya Kiswahili kwa kuunga maneno atakamatwa wiki ya kwanza.

Nilipopiga hesabu ya ile miezi miwili nilishtuka zaidi. Wiki sita nilizimalizia kwenye sura: rangi, vitufe, picha ya jahazi inayotembea juu ya ukurasa, na maktaba ya JavaScript, yaani msimbo wa tayari, iliyokuwa ikichora kila kitu ndani ya simu ya mtumiaji. Majedwali ya hifadhidata niliyaunda kwa alasiri mbili. Nilikuwa nimejenga mlango wa nakshi, nyumba sina.

Asubuhi yake ami akaniita. "Ndoo, mwanangu. Yeo utaandika wewe." Kwa Kiamu chetu: njoo, leo utaandika wewe. Akanipa kalamu na daftari, akakaa pembeni na kahawa yake.

Siku tatu nikawa karani. Nilidhani naijua kazi ile kwa kuwa nimekulia pale, kumbe nilikuwa naijua kwa macho tu. Daftari lina kanuni ambazo ami hakuwahi kuzitamka kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kila mzigo una namba, na namba inaanza moja kila mwaka na hairuki. Hakuna mzigo usio na mpelekaji na mpokeaji. Mpokeaji asipojulikana huandikwa jina la nahodha, kwa sababu lazima awepo mtu wa kudaiwa. Ukikosea hufuti. Unapiga mstari mmoja mwembamba, neno la kwanza libaki likisomeka, kisha unaandika upya chini yake na kutia sahihi. Na safari ikishaondoka hupigwa mistari miwili, na chini ya mistari hiyo hata ami mwenyewe haongezi kitu.

Niliyasikia hayo nikajua kwamba nasomeshwa hifadhidata. Mwaka 1970 Edgar Codd, akiwa mtafiti wa IBM huko California, aliandika makala iliyopendekeza kwamba taarifa zipangwe katika majedwali, kila mstari utambulike kwa ufunguo wake, na jedwali moja lilirejelee jingine kwa ufunguo huo, pasipo mtumiaji kujali taarifa zimelazwa wapi ndani ya mashine. Hifadhidata nyingi tunazotumia leo zinasimama juu ya wazo hilo. Namba isiyorudiwa ni sharti la upekee. Mpelekaji ambaye lazima awepo ni safu isiyokubali utupu, yenye ufunguo unaoelekeza kwenye jedwali la watu. Mistari miwili chini ya safari ni sharti kwamba safari iliyofungwa haipokei mzigo. Kule kutofuta ni jedwali la masahihisho: mstari wa zamani unabaki, mpya unauelekea.

Nilichokosea mimi ni mahali pa kuziweka kanuni. Nilizitia kwenye skrini, kwa JavaScript: usipojaza mpelekaji, kitufe hakibonyezeki. Lakini skrini ni moja tu ya njia za kuingilia. Kesho utaandika skripti ya kuingiza mizigo ya mwaka jana, keshokutwa kijana mwingine ataongeza njia yake, na hao wote watapita pembeni ya kitufe chako. Kanuni ikikaa ndani ya hifadhidata, hakuna atakayeizunguka, pamoja na mimi niliye na haraka.

Nikaanza upya na Django, fremuwaki ya lugha ya Python, yaani kiunzi cha tayari cha kujengea programu za wavuti. Fremuwaki za aina hii ni nyingi, na nisingemcheka aliyechagua nyingine. Rails ilitolewa 2004 na David Heinemeier Hansson wa Denmark, aliyeichomoa ndani ya programu aliyokuwa akiijenga, na ndiyo iliyowafundisha wengi mtindo huu. Laravel ya Taylor Otwell ilikuja 2011, na anayejua PHP ataipokea vizuri. Django nimeipenda kwa asili yake. Ilianza 2003 ndani ya chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walitakiwa kutoa kurasa mpya kwa kasi ya gazeti, na ikatolewa kwa umma Julai 2005. Kwa hiyo ilizaliwa na ukurasa wa usimamizi, ili mwandishi wa habari aingize taarifa bila kumngoja mwanaprogramu. Ukishaeleza majedwali yako, ukurasa huo unajitokeza wenyewe, una fomu, una orodha, una kutafuta. Siku ya nne karani wa Kizingitini alikuwa anaingiza mizigo, na mimi sijaandika hata mstari mmoja wa sura.

Kitu kimoja kilinikera pale. Django hujiundia wingi kwa kuongeza herufi s mwishoni, basi kwenye ukurasa wa karani yakatokea maneno "Mzigos" na "Safaris". Kurekebisha ni mstari mmoja kwa kila jedwali: unaiambia kwamba wingi wa mzigo ni mizigo. Niliufanya kabla ya kitu kingine chochote. Mtu asiletewe lugha yake imevunjika na kuambiwa azoee.

Mzunguko wenyewe wa kazi ni mwepesi kueleza. Simu inaomba ukurasa. Seva inatazama anwani, inaita kipande cha msimbo kinachohusika, kipande hicho kinauliza hifadhidata, majibu yanamiminwa kwenye kiolezo, yaani ukurasa wenye nafasi za kujazwa, na HTML iliyokwisha kupikwa, ndiyo maandishi ya ukurasa, inarudishwa. Ni dirisha la kibanda tu: unauliza, karani anafungua daftari, anakuandikia stakabadhi. Faida yake niliiona majini. Toleo langu la kwanza lilihitaji simu ipakue megabaiti mbili za JavaScript kabla ya kuonyesha neno moja, na katikati ya Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, mikoko kushoto na kulia, mtandao ukiwa wa kubahatisha, nahodha alikuwa anatazama ukurasa mweupe. Orodha ya sasa ya safari ni kilobaiti tisa. Inafunguka kwenye simu ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka, na bando la mtu halitafunwi.

Ila mtandao dhaifu una hila nyingine. Karani anabonyeza "Tuma", haoni kitu, anabonyeza tena. Mizigo miwili. Dawa ni kuipa kila fomu namba yake ya siri inapofunguliwa, na hifadhidata iamriwe kutoipokea namba hiyo mara ya pili. Taarifa za malipo ya simu nazikinga hivyo hivyo, kwa namba ya muamala, kwa sababu ujumbe wowote unaopita mtandaoni unaweza kufika mara mbili. Na hela naziweka kama namba kamili za senti. Ukitumia desimali za kawaida za kompyuta, 0.1 na 0.2 zikijumlishwa hutoa 0.30000000000000004, na hakuna mwenye mashua atakayekuelewa.

Jambo la nafasi za abiria ndilo lililonitia hofu ya kweli. Mashua ina maboya 24 ya kujiokolea, basi abiria ni 24. Tiketi hukatwa Lamu, na hukatwa Mokowe, gati la bara, pia kwa wanaoshuka kwenye mabasi kutoka Mombasa na Malindi. Msimbo wangu ulifanya lile ambalo kila mtu hulifanya mara ya kwanza: hesabu waliokwisha kukata, wakiwa chini ya 24, andika mpya. Siku ya kuelekea Idi makarani wawili wakabonyeza kwa pamoja. Wa Lamu alihesabu 23. Wa Mokowe alihesabu 23. Kila mmoja akaandika. Tukawa na watu 25 wenye tiketi halali mkononi, mama mmoja akiwa na ile ya mwisho, na ami akamwomba mpwa wake ashuke ili mama huyo apande.

Ukilijaribu peke yako mezani, kosa hili hulioni hata ukijaribu mara elfu. Linahitaji watu wawili na nusu sekunde. Kati ya kutazama na kuandika kuna mwanya, na mwenzako huingia hapo. Niliziba kwa kuacha kuhesabu. Sasa safari inapofunguliwa, jedwali linapata mistari 24, nafasi ya 1 hadi ya 24, na tiketi ni kuishika nafasi mojawapo ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani hatua zote zikamilike pamoja au zisifanyike kabisa, ukiwa umeufunga mstari huo mpaka umalize. Hifadhidata yenyewe ina sharti kwamba nafasi moja ya safari moja haina tiketi mbili. Nilianza na SQLite, ambayo D. Richard Hipp aliianza 2000 alipokuwa akifanya kazi ya programu ya manowari ya jeshi la majini la Marekani. Ni faili moja, haihitaji seva yake, na kwa karani mmoja inatosha kabisa. Kwa makarani wawili na ufungaji wa mstari mmoja mmoja nilihamia PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Kuhama kulichukua jioni moja, maana Django inaongea na zote mbili.

Kasi nayo ilinishika pabaya, kwa uzembe wangu. Ukurasa wa mizigo 60 ulikuwa unasuasua. Nikatazama maulizo yanayokwenda hifadhidata, nikakuta 121: moja la orodha, kisha kwa kila mzigo moja la kumtafuta mpelekaji na moja la kumtafuta mpokeaji. Ni kama kumtuma punda bandarini achukue mzigo mmoja, arudi, aende tena. Fremuwaki inakurahisishia kuandika "mzigo.mpelekaji.jina" mpaka unasahau kwamba kila nukta inaweza kuwa safari. Neno moja, select_related, likageuza 121 kuwa ulizo moja. Tangu hapo sichapishi ukurasa bila kuhesabu maulizo yake.

Sasa saa. Fremuwaki zinajua kuhifadhi wakati kwa saa za dunia, UTC, ambazo Kenya imezitangulia kwa saa 3, na kuugeuza wakati wa kuonyesha. Mashua ya asubuhi ilihifadhiwa 05:00, ikaonyeshwa 8:00, nikaridhika. Mzee mmoja wa Faza akasoma 8:00 kama anavyosoma saa maisha yake yote, akaja gatini saa nane mchana. Mashua ilikuwa imeondoka tangu saa mbili asubuhi. Alikuwa anakwenda mazikoni.

Kosa halikuwa lake. Nikaandika kichujio kidogo cha kiolezo: chukua saa, toa sita, gawa kwa kumi na mbili uchukue baki, ukipata sifuri iite kumi na mbili, kisha taja alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mistari minane ya Python. Nikaongeza jambo la siku, kwa kuwa kwa wazee wetu siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Mashua inayoondoka saa kumi za usiku sasa inaandikwa "usiku wa kuamkia Ijumaa", na hakuna wa kukosea.

Ami alipoona safu ya saa ni ya lazima akatikisa kichwa. Mashua inayopita Mkanda inangoja maji. Wakati wa bamvua yanajaa sana na kupwa sana. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Na kila siku kujaa kunachelewa kidogo kuliko jana. Basi nikaongeza safu ya maji, na saa ikawa ya makadirio. Kuongeza safu kwenye jedwali lenye maelfu ya mizigo ndani yake kulinitetemesha, lakini Django inaandika kila badiliko kama faili lenye namba, unalijaribu kwenye nakala, ndipo unalipeleka kwenye hifadhidata hai. Mafaili hayo nikiyasoma leo kwa mpangilio, naona jinsi nilivyokuwa nikifahamu kazi ya ami hatua kwa hatua.

Nakala za akiba nilikuwa nazichukua kila usiku. Sikuwa nimewahi kujaribu kuzirudisha. Diski ilipoharibika ndipo nilipojua kwamba faili za siku mbili za mwisho zilikuwa tupu, kwa sababu nafasi ya kuhifadhia ilikuwa imejaa na skripti yangu ikanyamaza. Neno la kijani lile lile, safari hii nimejiandikia mwenyewe. Ami alitoa daftari la karatasi, ambalo hakuwahi kuliacha, tukaingiza mizigo 143 kwa mkono hadi saa sita za usiku. Siku hizi kila Jumapili narudisha nakala kwenye mashine nyingine na kuhesabu mistari. Na sijamwomba ami aache daftari.

Ritifaa ilibaki na deni moja. Maneno yalihifadhiwa salama, lakini kuyatafuta kulikuwa shida: makarani wengine hutumia alama iliyonyooka, simu nyingine huibadilisha ikawa ya kupinda, na wengine hawaiandiki kabisa. Kwa kompyuta hayo ni maneno matatu. Nimeacha jina la mzigo kama mtu alivyoliandika, kwa kuwa ni lake, na pembeni yake nimeweka safu ya pili kwa ajili ya kutafutia, isiyo na ritifaa, yenye herufi ndogo tupu, na faharasa juu yake ya kuharakisha utafutaji.

Wiki iliyopita yule mama alikuja tena kibandani. Ami alikuwa anaswali, nami nilikuwa na mteja. Akaichukua simu iliyokuwa mezani, akaandika "ngonda" kwa kidole kimoja, polepole.

"Tano," akasema. "Mbili si zangu."

Nikatazama. Mbili zilikuwa za mpokeaji mwingine, mwenye jina kama la mumewe, herufi kwa herufi.

"Tatu ndizo zangu. Ziko nyuma ya mapipa?"

"Ziko, mama."

Akaenda kuzichukua.